Nilikuwa Ofisa wa Redio Melini: Yale Ambayo Cheti Hakikunifundisha

Kila nikikaa na vijana wanaotaka kwenda baharini, swali huwa lile lile: Mzee, kazi ya redio melini bado ipo? Jibu langu ni refu, kwa sababu kazi niliyoisomea haipo tena, na bado ndiyo iliyonilisha mpaka nikastaafu. Nataka kueleza ilivyokuwa, ilivyokufa, na jinsi baadhi yetu tulivyobaki melini huku wenzetu wengi wakirudishwa makwao na masanduku yao. Mna mambo humu yatakayomfaa hata anayepanda meli leo.

Nilianzia Mwembe Tayari, Mombasa, kwa fundi redio aliyenifundisha kulehemu kwa muda mrefu kabla hajaniruhusu kugusa redio ya mteja. Mwishoni mwa miaka ya 1970 baharia mmoja wa mtaani alileta redio yake itengenezwe, akanieleza kwamba melini kuna ofisa ambaye kazi yake yote ni mitambo ya namna hii, ana kabini yake peke yake na anakula na maofisa wenzake. Katika yote hayo mimi nililishika lile la kabini. Chuo tulichokimudu kilikuwa Bombay, na kukimudu kwenyewe ilibidi bibi yangu auze kipande cha shamba la minazi. Nalitaja hili kwa sababu watu husimulia safari za baharini kana kwamba nauli iliokotwa njiani. Deni la nyumbani hupanda meli pamoja nawe, na ndilo linalomfanya mtu asaini mkataba mbaya bila kuusoma.

Cheti cha daraja la juu kilidai upokee kwa Morse, alfabeti ya milio mifupi na mirefu, makundi 20 ya herufi na tarakimu zilizochanganywa kwa dakika moja, au maneno 25 ya lugha ya kawaida. Kutuma si kazi sana. Kupokea ndiko kulikotutoa machozi. Anayehesabu nukta na vistari hafiki popote, maana akimaliza kuhesabu herufi moja, mbili zimeshapita. Herufi lazima iingie sikioni nzima, kama unavyoitambua sauti ya mtu wa nyumbani akibisha hodi, na mkono uandike ukiwa nyuma ya sikio kwa herufi mbili tatu bila wewe kuuingilia. Wenzangu wengi walilala na Morse na kuamka nayo, halafu somo la ufundi wakalikariri tu wapate kufaulu. Katika mtihani wa ufundi, mtahini alikuwa anaharibu kitu ndani ya transmita, mtambo wa kurushia mawimbi, kwa makusudi, anakuachia utafute. Mimi kwangu ile ilikuwa ni Mwembe Tayari tu, isipokuwa mteja amevaa tai.

Baada ya cheti nilisafiri kwanza kama msaidizi chini ya ofisa mzee wa Kihindi, ambaye mabaharia wa kwao walimwita Marconi Sahib, jina walilokuwa wakimpa kila ofisa wa redio. Mzee yule hakuwa na maneno mengi. Siku ya kwanza alinionyesha saa ya ukutani, akaniambia nisiondoke pale mpaka nimeielewa. Saa ya chumba cha redio ilikuwa na vipande vya rangi. Viwili vyekundu, kuanzia dakika ya 15 hadi 18 na ya 45 hadi 48: hapo kila meli duniani ilinyamaza kwenye 500 kHz, masafa ya Morse ya dharura, na kusikiliza kama kuna anayeita SOS. Viwili vya kijani, dakika tatu za mwanzo wa saa na tatu baada ya nusu saa: hapo ilikuwa zamu ya kunyamaza kwenye 2182 kHz, masafa ya sauti. Mshale ukiingia kwenye wekundu, kelele zote za simu zilizokuwa zikigombania nafasi hukatika kwa pamoja, ukabaki na mkwaruzo wa radi za mbali tu kwenye hedifoni. Kisha unaandika kwenye kitabu cha lindo kwamba ulisikiliza na hukusikia kitu. Saa ile ilikwenda kwa GMT, si kwa saa ya meli. Mimi nikiona 0300 nilijua kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi na bibi anachochea moto.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo: kusikiliza. Wakati Titanic inazama mwaka 1912, meli ya Californian ilikuwa jirani, lakini mtu wake wa redio alikuwa peke yake na alikuwa ameshalala. Sheria za kulazimisha meli kuwa na masikio zikafuata. Hata hivyo kampuni nyingi za mizigo ziliajiri ofisa mmoja tu, na mtu mmoja hawezi kukesha saa 24. Kwa hiyo tulikaa lindo saa nane kwa siku, zikiwa zimekatwa vipande vipande, na muda uliobaki mashine iliyoitwa oto-alamu ikasikiliza badala yetu. Meli yenye shida ilikuwa inatangulia kutuma vistari kumi na viwili, kila kimoja cha sekunde nne, na nafasi ya sekunde moja kati yake. Mashine ikivitambua vichache vikifuatana, kengele inalia chumba cha redio, kwenye briji ambako meli huongozwa, na juu ya kitanda chako. Ubaya ni kwamba radi za ukanda wa joto nazo zina vistari vyake. Kuna misimu kengele ile ilinirusha kitandani usiku kwa sababu ya mawingu tu, na kila mara lazima uende, uvae hedifoni, usikilize. Ofisa wa pili aliyekuwa briji alinishauri niizime mpaka alfajiri. Ukiwa na ofisa mwenzako wa namna hiyo, mjibu kwa adabu na ukaisikilize.

Maana usiku mmoja, kusini ya Madagaska, hayakuwa mawingu. Meli ya shehena ilikuwa imelala upande, mzigo umehama. Nilisikia SOS, jina, mahali ilipo, halafu mkono wa mtumaji ukiharakisha. Nilimwamsha Kepteni, akapima kwenye chati: sisi tulikuwa mbali zaidi ya siku nzima, na meli mbili zilikuwa karibu nao zimeshajibu. Sasa hapo sheria inakutaka ufanye jambo gumu kuliko yote, nalo ni kunyamaza. Ukituma hata salamu ya pole unaweza kuziba herufi ya mtu anayekufa. Nilikaa hadi mchana nikiandika kila kilichopita, saa na dakika. Watu walipatikana, si wote. Niliposhuka kunywa chai, messrumu, chumba cha kulia, walikuwa wanabishana mpira. Hakuna aliyejua, na haikuwa kazi yangu kuwasimulia.

Upweke wa ofisa wa redio ulikuwa wa aina yake. Wewe si wa staha, yaani wa kuongoza meli, si wa injini. Chifu ofisa ana watu wake, chifu injinia ana watu wake, wewe una mlango wenye maandishi ya kukataza watu kuingia. Tena unajua mambo ya kila mtu. Siku tuliyopewa leseni tulitia saini kiapo cha siri: ujumbe ni wa yule ambaye jina lake limeandikwa, hata nahodha hana haki ya kusomewa barua ya baharia. Niliwahi kupokea telegramu ya oila mmoja wa Lamu, mtia mafuta wa chumba cha injini. MAMA AMEFARIKI TUMEZIKA JANA. Bahari ilikuwa mbaya na oila yule alikuwa lindo, chini, amezungukwa na mashine zinazozunguka. Nikaiweka mfukoni hadi alipomaliza zamu, akaoga, akala. Kisha nikamwita kabini kwangu, nikafunga mlango. Kwetu maiti haisubiri meli, alikuwa hawezi kuwahi chochote, kwa hiyo zile saa tatu hazikumnyima kitu isipokuwa hatari ya kukatwa mkono. Nilimweleza Kepteni baadaye, kwa ruhusa ya mwenyewe, akapumzishwa. Wenzangu wengine wa redio waliniambia kanuni ni kukabidhi papo hapo. Nawasikia, na leo ningefanya vile vile.

Telegramu zilikuwa na hesabu zake. Ulilipia kwa neno, na neno halizidi herufi kumi. Likizidi, linahesabiwa mawili. Kiswahili kilitutia hasara, maana kitenzi chetu kimoja ni sentensi ya Mwingereza. NIMEWASILI lina herufi kumi kamili, unalipia moja. NIMEKUTUMIA lina kumi na moja, unalipia mawili. Nikawa mhariri wa mabaharia wa pwani: hapa tia NIMETUMA, hapa ondoa salamu, shangazi ataelewa. Hesabu za malipo ya kimataifa nazo tulizifunga kwa faranga za dhahabu, pesa ambayo hakuna mtu aliyewahi kuishika, na mwisho wa mwezi ofisa wa redio huyo huyo ndiye aliyewadai watu simu walizopiga kwa wake zao wakiwa na hasira. Ukipewa kazi yoyote ya kushika hesabu za wenzako melini, waonyeshe karatasi kabla hawajapiga, si baada.

Simu zetu nyingi zilipitia Portishead Radio, Uingereza, kituo kilichosikika karibu bahari zote. Unaita, unaambiwa QRY na namba yako kwenye foleni, unangoja. Mchana ulipanda masafa ya juu, 16 au 22 MHz, usiku ukashuka 8 au 6, na ujuzi wenyewe ulikuwa ni kukisia anga limefunguka wapi saa hiyo. Kituo kilifungwa mwaka 2000.

Ujumbe ninaojivunia ni ule uliotangulizwa DH MEDICO, alama ya kuomba ushauri wa daktari. Mpishi wetu alipata maumivu ya tumbo upande wa kulia, homa inapanda, na bandari ya karibu iko siku kadhaa mbele. Kuna kituo Roma kinaitwa CIRM, kilianzishwa mwaka 1935, kina madaktari wanaoshauri meli bila malipo. Niliwaandikia, wakarudisha maswali: maumivu yalianzia wapi, mapigo ya moyo mangapi, ukibonyeza kisha ukaachia ghafla anapiga kelele? Chifu ofisa alikuwa anambonyeza mgonjwa, mimi nakimbia ngazi na majibu. Wakaagiza asipewe chakula wala dawa ya kumfanya aharishe, achomwe sindano za antibiotiki tulizokuwa nazo, meli igeuze. Alifanyiwa upasuaji Port Louis. Huduma ile ipo hadi leo: kwa wenye mitambo ya setilaiti ya Inmarsat, namba fupi ya ushauri wa daktari ni 32, na 38 ni ya kuomba msaada wa kumtoa mgonjwa. Ziandike ukutani kwenye briji. Na kabla ya kupiga uwe na joto, mapigo, umri, na orodha ya dawa zilizomo kabatini, maana daktari hawezi kuagiza dawa ambayo hamna.

Sasa nije kwenye mafuta na chumvi, sehemu ambayo hakuna anayeisimulia. Vihami vya antena hupakwa chumvi ya mawimbi mpaka umeme unatambaa juu yake badala ya kwenda angani. Transmita inagoma, mshale wa mita haupandi, na Kepteni anadhani wewe hujui kazi. Dawa ni maji baridi, kitambaa na kupanda juu. Kabla ya kupanda, zima transmita, unganisha antena na ardhi, kisha chomoa fyuzi uende nayo mfukoni. Usimwachie mtu maagizo ya mdomo. Umeme wa masafa ya juu hauchomi kama moto wa jikoni. Huacha alama ndogo nyeupe kwenye ngozi, na chini yake nyama imeiva. Ninayo moja kwenye kidole, niliipata kwa sababu mtu mwema alitaka kunisaidia kupasha mtambo moto.

Na betri. Mitambo ya dharura ilikula betri za asidi, ambazo unazipima kila siku kwa haidromita: unavuta asidi, unasoma pale kiolea kinaposimama, unaandika. Ukizoea unashawishika kuandika namba ya jana. Niliwahi kupokea meli kutoka kwa ofisa aliyeandika 1250 miezi mizima bila kubadilika hata siku moja. Betri za ukweli hazifanani kila siku. Nilipozipima nikakuta seli mbili zimekufa kabisa. Meli ile, kama jenereta ingezimika, ilikuwa bubu. Ukipokea meli, soma kitabu cha aliyekutangulia, na namba zikiwa nzuri mno, nenda kapime mwenyewe kabla hajashuka ngazi.

Mishahara iliendana na bendera na bahati. Meli moja, ambayo mwenyewe simtaji, ilituacha bandari ya kigeni miezi mingi bila pesa. Mimi ndiye niliyekuwa natuma teleksi za Kepteni kwa mwenye meli, kwa hiyo nilijua mapema kuliko wote kwamba hakuna anayejibu. Mafuta ya jenereta yakaisha, friji zikaoza, tukavua samaki kwa ajili ya chakula. Nyumbani walidhani nimeoa huko. Wakati ule tulitegemea hisani ya misheni za mabaharia na mkaguzi wa ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji. Leo kuna Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019, na tangu mwaka 2017 meli zinazofungwa nao lazima ziwe na cheti cha bima ya mabaharia waliotelekezwa, kibandikwe mahali pa kuonekana. Kitafute siku ya kwanza, kabla hujafungua begi. Mkataba huo huo unakataza wakala kumtoza baharia pesa ya kumtafutia nafasi. Pasipoti, kitabu cha ubaharia na cheti cha afya unaweza kulipia mwenyewe. Zaidi ya hapo, mtu anayekuomba laki kadhaa za kukuwekea nafasi, muombe risiti yenye mhuri uone atakavyopotea.

Kifo cha kazi yetu hakikuja ghafla, kilikuwa na tarehe. Mfumo mpya wa mawasiliano ya hatari na usalama baharini, GMDSS, ulianza kuingizwa tarehe 1 Februari 1992 na ukakamilika tarehe 1 Februari 1999. Setilaiti, teleksi ya hali ya hewa inayojichapa yenyewe kwenye 518 kHz, boya linalopiga kelele kwa 406 MHz meli ikizama, na kitufe chekundu ambacho ofisa wa staha anaweza kukibonyeza bila kujua herufi moja ya Morse. Mwezi Januari 1997 jeshi la wanamaji la Ufaransa lilifunga Morse yake kwa ujumbe uliosema hiki ni kilio chetu cha mwisho kabla ya kimya cha milele. Tuliusoma, tukacheka, halafu tukanyamaza.

Sheria mpya ilimpa mwenye meli njia tatu za kutunza mitambo, na meli ya bahari kuu ilibidi iwe na angalau mbili kati ya hizo: kufunga mitambo miwili miwili, kuwa na mafundi wa nchi kavu, au kubaki na fundi melini. Wengi walipiga hesabu ya mshahara wangu wa mwaka wakaona bora redio ya pili. Nilikuwa na rafiki, mtumaji hodari kuliko wote niliowajua, mkono wake ulitambulika bahari nzima. Aliamini kwamba bahari haiwezi kuacha Morse. Alishushwa na kampuni yake kwa barua ya mistari minne, akarudi kwao akafungua duka la kanda za video, ambalo nalo halikudumu.

Mimi nilikuwa nimeshaanza zamani kutengeneza vitu visivyonihusu. Rada, jairo (dira ya umeme), kreni za mizigo zenye umeme, hata mashine ya kufulia ya messrumu. Sikufanya kwa busara ya kuona mbali. Nilikuwa nachoka kukaa kimya kati ya malindo. Chifu injinia mmoja akamwandikia mwenye meli kwamba akiniondoa mimi, alete mafundi wawili. Nikabadilishwa jina, nikawa ofisa wa umeme na elektroniki, cheo ambacho mwaka 2010, kwenye marekebisho ya Manila ya STCW, kanuni za kimataifa za mafunzo na vyeti vya mabaharia, kilipata cheti chake rasmi. Kijana anayependa mitambo leo aulizie njia hiyo hapo Bandari Maritime Academy, Mombasa, au DMI, chuo cha ubaharia cha Dar es Salaam, asitafute kozi ya redio peke yake. Cheti cha GMDSS bado kinahitajika, ila ni cha ofisa wa staha kuongezea kwenye cheti chake, na huhuishwa kila miaka mitano.

Na mkishakipata, msikiogope kile kitufe chekundu. Ubaya wa mfumo mpya ni simu za hatari za uongo: mtu anafuta vumbi, anafungua kifuniko, anabonyeza. Kisha kwa hofu anazima mtambo na kujifanya hayupo, huku vituo vinapigiana simu na ndege inaandaliwa. Usizime ukanyamaza. Ukiwa umetuma kwa VHF, redio ya masafa ya karibu, chaneli 70, rudisha mtambo kwenye hali yake ya kawaida, nenda chaneli 16, ita vituo vyote, taja jina la meli, namba yake na mahali ilipo, sema unafuta ile simu ya hatari, taja na saa uliyoituma. Ukiwa umetuma kwa 2187.5 kHz, fanya hivyo hivyo kwenye 2182. IMO yenyewe, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, imesema kwamba kwa kawaida meli inayoripoti na kufuta kosa la namna hii haichukuliwi hatua. Andika kwenye kitabu cha redio, mwambie Kepteni, endelea na lindo lako.